Mwalimu Telesphor na Namba ya Moja Kumi na Moja

Leo Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1998, Mwalimu Telesphor Kaswiza anastaafu, baada ya kufundisha hisabati katika shule yetu ya sekondari hapa Mpanda kwa miaka ishirini na minne na siku themanini na sita. Hizo siku themanini na sita sikuzihesabu mimi. Nilimpelekea rasimu ya kwanza ya risala hii nikiwa nimeandika "takriban miaka ishirini na minne", akairudisha ikiwa na duara jekundu kwenye neno "takriban", na pembeni ameandika: "Ndiyo nini hii?"

Mimi ninayeandika naitwa Erasmus, mzaliwa wa Usevya, mwalimu wa jiografia hapa hapa. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1981, nilikuwa mwanafunzi wake. Kamati ya sherehe ilinipa kazi hii kwa madai kwamba namfahamu mzee kuliko wenzangu wote. Sikubisha. Ila wangejua ninachokijua kuhusu mwaka 1983, kalamu wangempa mtu mwingine.

Januari mwaka huu, Mkuu wa Shule alipomuuliza angependa kupewa nini siku ya kuagwa, sote tulitegemea kusikia godoro au saa ya ukutani. Mwalimu akasema godoro analo na saa anayo. Alitaka kitu kimoja tu: kabla hajakabidhi ufunguo wa ofisi, ajue kama namba yake ni tasa au si tasa. Wageni wetu wa leo watashangaa, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

Mwalimu Telesphor alizaliwa Inyonga, mtoto wa mrina asali. Alishuka kwenye treni hapa Mpanda siku ya Jumapili, na Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1974, alikuwa darasani. Mizigo yake ilikuwa sanduku la bati na baiskeli isiyo na kiti. Shule nayo ilikuwa na madarasa mawili, na ubao uliopakwa weusi wa makaa ya betri. Vitabu vya hisabati vilikuwa bado njiani, na vilikaa njiani hadi mwaka uliofuata. Basi akafundisha kwa kile alichokuwa nacho, yaani chaki na namba moja.

Aliandika 11 mara 11, ikatoka 121. Akaandika 111 mara 111, ikatoka 12,321. Darasa likapiga makofi. Kijana mmoja wa mbele, Lyamba, akauliza kama namba hizo zilizoandikwa kwa moja tupu zinagawanyika, au nyingine ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwalimu akasema tuzitazame zote. Moja mbili, yaani 11, ni tasa. Moja tatu ni 3 mara 37. Moja nne ni 11 mara 101. Moja tano, 41 mara 271. Moja sita zinagawanyika ovyo ovyo. Moja saba ziliwasumbua wiki nzima, mwisho zikasalimu amri: 239 mara 4,649. Nane, tisa na kumi ziliisha kwa siku moja.

Kisha wakafika moja kumi na moja: 11,111,111,111. Bilioni kumi na moja na ushee. Wakaigawa kwa tatu, ikakataa. Kwa saba, ikakataa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, muhula ukafungwa. Mwalimu akaifuta ubaoni kwa kitambaa na kuwaambia wanafunzi wasiwe na wasiwasi, nyie tulieni, hii tutaijua tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa adhabu iliyoifanya shule hii ijulikane mpaka Karema. Walimu wengine walichapa viboko, wengine walikupa jembe ukalime bustani. Mwalimu Telesphor hajamchapa mtu tangu aje. Ukichelewa, ukipiga kelele, ukikutwa umelala kwenye kipindi chake, unapewa namba tasa moja kutoka kwenye orodha aliyoichuja mwenyewe kwenye karatasi za kaki, kwa mpangilio, ile inayofuata. Unakaa kwenye benchi nje ya ofisi, unagawa moja kumi na moja kwa namba yako, kwa mkono. Vikokotoo vilipoanza kuonekana mjini havikusaidia kitu, maana vilikuwa na nafasi za tarakimu nane, na namba inazo kumi na moja. Ukimaliza, unaandika kwenye kaunta buku: tarehe, jina, kosa, namba uliyopewa, jawabu na baki. Siku baki itakapokuwa sifuri, alisema, namba itakuwa imetoboa siri yake. Na ikiwa tutazimaliza namba tasa zote mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho ni 105,409 na kidogo, bila kuiona sifuri, basi ni tasa na maneno yameisha.

Mwalimu mwenye wanafunzi wachelewaji hakosi kazi. Adhabu zilikwenda mia mbili na zaidi kwa mwaka.

Kaunta buku zile ziko tatu, na ukizisoma unaisoma historia ya shule. Mwaka 1979 kuna binti anaitwa Katarina, kachelewa siku tatu mfululizo. Siku ya nne Mwalimu alimkuta amejificha nyuma ya jiko, anasubiri kengele ilie ndipo atokee. Kumbe alikuwa anachelewa makusudi, apate namba. Mwalimu alimpa nyingine, na kwenye safu ya kosa hakuandika "kuchelewa". Aliandika "hamu". Katarina leo ni mhandisi wa maji, na safari zake za Sumbawanga hazikumzuia kuwa nasi hapa ukumbini, na amefika mapema.

Machi 1989 liko jina la Telesphor Kaswiza mwenyewe. Mvua zilikuwa zimesomba tuta la reli, akafika shuleni siku mbili baada ya shule kufunguliwa. Walimu wenzake walimwambia jamani Mwalimu, mvua ni mvua. Alikaa kwenye benchi lile lile, suruali ya safari ikiwa na matope mpaka magotini, akagawa namba mbili, moja kwa kila siku.

Mkaguzi mmoja mpole alipoisikia habari hii alijitolea kuuliza chuo kikuu akirudi Dar es Salaam, maana huko lazima jibu lipo kwenye kitabu fulani. Mwalimu alimshukuru sana, akamkatalia. Alisema anajua kwamba kuna watu wameshaijua, na anawapongeza, lakini wanafunzi wake wakipewa jibu mkononi kesho watauliza lingine lipo wapi. Mkaguzi alikunywa chai yake, akaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu ya shule ni nzuri ila haielezeki.

Hayo yote yasiwafanye msahau kazi yenyewe. Amekuwa mkuu wa idara kwa miaka kumi na sita na mlezi wa bweni kwa tisa. Mwaka 1991 kidato cha nne kizima hakuna aliyefeli hisabati, na hapo walikuwemo watoto wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, watoto wa wavuvi wa Ikola na vijana wa makazi ya wakimbizi ya Katumba ambao Kiswahili chenyewe walikuwa wanakijenga njiani. Kama leo kuna duka Mpanda ambalo muuza duka anakurudishia chenji bila kukuna kichwa, muulize alisoma wapi.

Tatizo ni kwamba ilipofika Januari hii, namba zilikuwa zimefika kwenye elfu sitini na tano hivi, na safari ilikuwa mpaka laki moja na elfu tano. Zilibaki zaidi ya elfu tatu na mia tano. Hata wachelewaji wangeongezeka mara kumi, zisingeisha. Mzee alilijua hilo. Alianza kukaa na kaunta buku mapajani wakati wa mapumziko ya chai, na hata utani wetu ulikuwa haumfikii.

Aliyeleta nuru ni Madamu Mercy, mwalimu wetu mpya wa hisabati, aliyetoka chuo kikuu mwaka jana. Alikaa siku mbili na penseli yake, siku ya tatu akaja chumba cha walimu na kusema hivi: namba tasa yoyote itakayoweza kuigawa moja kumi na moja, lazima yenyewe ukiigawa kwa ishirini na mbili ibaki moja. Zisizobaki moja hazina haja ya kujaribiwa, ni bure. Akaithibitisha ubaoni, mstari kwa mstari, na sisi wa jiografia tukatikisa vichwa kana kwamba tumeelewa.

Maana yake ilikuwa kwamba katika kila namba kumi, tisa hazikuwa na kazi. Kwa miaka ishirini na minne, wanafunzi tisa katika kumi waliokaa kwenye benchi lile waligawa kitu ambacho kisingegawanyika kamwe. Tukaogopa kumtazama mzee. Loo! Mwalimu Telesphor alicheka mpaka akavua miwani. Akasema adhabu zilikuwa za wachelewaji, hakuna mahali alipoahidi kwamba zitakuwa na faida.

Basi Madamu Mercy na klabu ya hisabati wakachagua zile zinazobaki moja, mia tatu hamsini na kitu, wakazigawa kuanzia Agosti. Mwishoni mwa Oktoba walimaliza. Hakuna sifuri. Kamati ikafurahi, ikampa kazi fundi Enoka wa Nsemulwa: ubao wa mninga, umechongwa zile moja kumi na moja, na chini yake neno TASA kwa herufi kubwa. Ndio ungekuwa zawadi ya leo. Mwalimu alipoambiwa aliomba ruhusa akamwambie mke wake, Mama Natalia. Alikwenda kwa miguu, baiskeli akaisahau shuleni.

Sasa nifike kwangu.

Kwa ukamilifu wa kazi, Madamu Mercy alipitia kaunta buku za zamani, akaweka alama ya penseli kwenye kila namba iliyokuwa na maana, ile yenye kubaki moja. Jumamosi ya tarehe 7 Novemba nilikuwa nazifunua nitafute visa vya kuchekesha vya kuandika humu. Nikafika Juni 1983. Nikaona mwandiko wangu. Ijumaa tarehe 10 Juni, Erasmus, kidato cha tatu, kuchelewa, 21,649. Na pembeni, alama ya penseli.

Siku ile ya mwaka 1983 tulikuwa na mechi na shule jirani, nami nilikuwa winga wa kulia. Nilipewa namba saa tisa, mechi saa kumi. Nilianza vizuri kabisa. Jawabu lilikuwa na tarakimu sita: nikapata tano, moja, tatu, mbili. Zilibaki tarakimu mbili tu. Filimbi ya kupasha misuli ikalia. Nikazibuni. Nikaandika 513,217.

Na si kwamba nilibuni kijinga. Mwalimu alikuwa na njia yake ya kukagua: anajumlisha tarakimu, anatupa tisa, anaangalia kama pande mbili zinalingana. Aliifundisha yeye mwenyewe, nami niliijua vizuri. Basi nikatafuta baki ambayo itapita kwenye tisa zake: 12,418. Alijumlisha, akatupa tisa, zikalingana. Akaniwekea vema, akaniambia kimbia, wenzako wanakusubiri. Mbinu aliyonipa ili nisikosee ndiyo niliyoitumia kumdanganya.

Kwa miaka kumi na mitano sikuliwaza sana. Nilijiambia namba moja kati ya maelfu, itaharibu nini? Jumamosi ile nilichukua penseli, nikaendelea pale nilipoachia nikiwa na miaka kumi na saba. Ilibaki 8,443, nikashusha moja. Inaingia mara tatu. Nikashusha moja ya mwisho. Inaingia mara tisa. Baki sifuri.

Nilirudia mara nne. Moja kumi na moja ni 21,649 mara 513,239. Si tasa, haijawahi kuwa tasa, na kama ningekubali kukosa dakika tano za kwanza za mechi nikiwa kwenye benchi la adhabu, Mwalimu Telesphor angeijua siri ya namba yake Juni 1983. Adhabu zaidi ya elfu nne zilizofuata zilikuwa za kutafuta kitu nilichokuwa nimekikalia mimi. Na wiki tatu mbele tulikuwa tunampa mzee wa watu uongo uliochongwa kwenye mninga.

Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Angeondoka na furaha yake, angeutundika ubao sebuleni Inyonga, na nani angekwenda kumgawia namba huko kwenye mizinga ya nyuki? Nilifikiria hivyo kuanzia shuleni mpaka nilipovuka reli. Lakini huyu ni mtu anayezungushia duara neno "takriban". Nikaendelea kutembea mpaka kwake.

Nilimkuta barazani na Mama Natalia, wanachambua maharage. Nilimweleza yote, na mechi, na filimbi, na tisa. Nililia, sioni haya kuandika. Aliomba karatasi, akagawa mwenyewe, polepole, akitamka kila tarakimu. Alipofika mwisho aliandika sifuri, kubwa, ya duara zuri kama anavyoziandika ubaoni. Akaitazama muda mrefu. Nilidhani ataniambia niondoke.

Aliniuliza mechi ile tulishinda?

Nikasema tulifungwa, mbili bila.

Mama Natalia ndiye aliyeanza kucheka, akamwaga maharage. Mwalimu akafuatia. Kisha akawa mzito tena, akaniambia kwamba amenikasirikia, na atanikasirikia kwa muda, nisidhani yameisha. Ila alisema afadhali leo. Kama ningekuja baada ya sherehe, angekuwa ameshawaambia watu kitu ambacho si kweli kwa mdomo wake, na hilo lisingefutika. Hapo akajifanya anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Jumatatu yake alifungua kaunta buku ya mwisho, akaandika mstari kwa kalamu nyekundu: tarehe, Erasmus, mwalimu, kosa, uongo, namba, 21,649, jawabu, 513,239, baki, sifuri. Mstari wa 1983 hakuukata. Alisema historia haikatwi.

Na adhabu akanipa. Kwa kawaida, alisema, tungeamini kwamba 513,239 ni tasa, kwa kuwa kigawanyo chake chochote kidogo kingeshaonekana zamani kwenye kaunta buku. Lakini kaunta buku zina Erasmus ndani yake, na nani ajuaye wapo wangapi. Kwa hiyo niigawe kwa kila namba tasa mpaka 716. Ziko mia moja ishirini na saba. Madamu Mercy alitaka kunitetea kwa kanuni yake ya ishirini na mbili, zingebaki kumi na mbili tu. Mzee akamwambia kanuni ni ya waliosema kweli.

Fundi Enoka alilipiga randa lile neno TASA likatoka lote, akachonga namba mbili mahali pake. Ubao umekuwa mwembamba kidogo upande wa chini, mtauona wenyewe utakapofunuliwa. Madamu Mercy naye amenunua kaunta buku mpya. Moja kumi na tatu hazikutufikisha hata mapumziko ya chai, ziligawanyika kwa 53. Kwa hiyo tumeziruka zile rahisi, tumeanza moja kumi na saba. Mstari wa kwanza umeachwa wazi kwa mgeni yeyote atakayechelewa leo, awe mzazi au diwani.

Mwalimu wetu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi wa jikoni, walinzi, na watu elfu sita na zaidi walioandika majina yao kwenye vitabu vyako, ahsante. Ahsante kwa benchi lile. Nenda Inyonga na Mama Natalia mkiwa na afya, nyuki wasiwe wakali, masega yajae, na maisha yawe mema kwenu kila siku, na siku hizo uzihesabu mwenyewe bila "takriban".

Adhabu yangu nimeimaliza leo asubuhi saa kumi na mbili na robo. Karatasi zote mia moja ishirini na saba ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya kiti chako. Hakuna sifuri hata moja: 513,239 ni tasa. Usitupe tisa, Mwalimu. Zigawe.